Mume Wangu Alipopata Adabu

Mume wangu ni mtu wa Tanga, mwalimu wa hesabu, aliyepangiwa Kasulu akaja kununa. Salamu zetu Waha zilimshinda kabisa. Kwetu mtu hasalimiwi juu juu: unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za nyumbani mpaka za ng'ombe. Yeye alikuwa anasema "salama?" huku anapita. Mama yangu, aliyekuwa anakuja kwetu kutoka Titye kila siku ya gulio, alishamkatia tamaa.

Basi asubuhi moja, mwaka 2013, bwana huyo akatoka chumbani, akainama mbele ya mama, akapiga makofi. "Mwakeye, mama." Akauliza habari za shamba. Akaziuliza tena. Alipomaliza akaligeukia gunia la mihogo, akalisalimia nalo.

Mama alifurahi mpaka akasahau chai. "Mungu mkubwa," alisema, "mkwe wangu amekuwa mtu." Majirani wakaja kusalimiwa. Mimi sikufurahi. Mume wangu alikuwa na kirusi cha homa ya ini, ile aina ya B, tulishaambiwa hospitali, na wiki ile macho yake yalikuwa ya manjano. Tena namjua: adabu hana. Nikawaambia huyu anaumwa. Wakaniona mwanamke mwenye gubu, mume katengemaa bado nalalamika.

"Mwache mwenzio, amebadilika," mama akasema.

"Ndiyo kinachonitisha," nikamjibu, nikaenda kuita bodaboda. Tukapanda mshikaki, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, na njia nzima akawa anawapigia makofi watu asiowajua. Mama alitufuata kwa pikipiki nyingine, kanuna.

Hospitalini daktari alimwambia anyooshe mikono mbele, viganja vikiwa wima kama anayesimamisha gari. Viganja vikawa vinaanguka na kuinuka vyenyewe. Ini likichoka, daktari akatueleza, linashindwa kuisafisha damu. Sumu inapanda kichwani, mtu anachanganyikiwa. Akicheleweshwa anapoteza fahamu, na wengine hawaamki. Akaandika dawa ya maji ya kumfungua choo, ili ile sumu itoke.

"Yaani akili yake itarudi kwa kupitia chooni?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama," daktari akajibu, wala hakucheka.

Siku zilizofuata alilala tu, na akiamka ananiita shangazi. Nilimwogopea mno. Nilimwomba Mungu anirudishie mtu wangu na ubaya wake wote, hata mmoja usipungue.

Asubuhi moja mama alifika na uji, akainama kando ya kitanda, akapiga makofi. "Mwakeye, mkwe wangu."

Mume wangu akafumbua macho, akamtazama, akakunja uso. "Mama, hapa ni wodini. Watu wanaumwa."

Mama akanigeukia kwa huzuni. "Dawa mmemzidishia."

Nilishika chuma cha kitanda nikalia kwa sauti, wodi nzima ikageuka, mpaka mwenyewe akaniuliza kwa ukali ni nani aliyekufa. Nikamwambia hakuna, mume wangu, hakuna aliyekufa.