Trei ya Mafuta

Fundi Majiko alijua kaibiwa pale alipokuta kiti hakipo. Kiti cha kukunja cha mama yake, ambacho kila Jumapili kilikaa nyuma ya nyumba yake karibu na jiko la mkaa, kilikuwa kimehamia uani kwa mdogo wake, nyumba ya pili. Kando ya kiti lilisimama jiko jipya la gesi la kuchomea nyama, lenye vichomeo vinne, kifuniko kinachong'aa na magurudumu, utadhani lina safari.

Wivu ulimpanda. Mtaa mzima unamletea majiko ya gesi ayatengeneze, halafu ndugu yake wa tumbo moja ananunua jiko bila kumuuliza hata neno! Angemwambia gonga kifuniko usikie uzito wake, tikisa miguu, hakikisha vichomeo vinatoka vikaoshwe. Lakini nani kamuuliza? Mdogo wake, muuza simu, alichagua jiko kama anavyochagua simu, kwa mng'ao.

Jumapili sita alisusa. Ya saba mama akamwita, akaenda shingo upande.

"Karibu, kaka! Jiko hili halijanisumbua hata siku moja," mdogo wake alisema, akipanga mapaja ya kuku.

Fundi hakuwahi kuacha jiko la nyama liwashwe kabla hajavuta trei ya mafuta iliyo chini yake. Mkono wake ulifanya hivyo wenyewe, hata ugenini. Akainama, akachungulia. Trei ilikuwa imejaa pomoni, mafuta ya Jumapili zote sita. Akanyoosha mkono.

"Huku hakuna moshi," mama alikuwa akimwambia mkwewe. "Macho yangu yamepumzika."

Mkono ukarudi mfukoni. Na liwake, alijisemea, tuone mng'ao utasaidia nini.

Likawaka kweli. Moto ulipanda kutoka chini, ukafagia nyusi za mdogo wake, na kiti cha mama kilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Fundi aliruka, akafunga mtungi. "Msimwage maji!" alipiga kelele, akamimina mchanga wa chungu cha maua kwenye trei hadi moto ukafa. Alitaka mdogo wake apate aibu ndogo tu, ya kuchekwa.

"Bila kaka tungeteketea," mdogo wake alisema, akipapasa paji la uso. "Kosa langu, sikukuuliza. Nilitaka kukuonyesha na mimi najua kitu. Utanifundisha kulitunza?"

Fundi alikosa pa kuweka macho. Mama alikuwa akimtazama yeye, si jiko.

"Uliinama," mama alisema taratibu, ili asikie yeye peke yake. "Ukaona. Ukasimama."

Mama akakikung'uta kiti majivu, akakirudisha palepale kando ya jiko, akaketi. "Haya, mfundishe mwenzio," alisema kwa sauti sasa. "Anza na hiyo trei. Mimi nipo hapa, natazama."