Ng'ombe Niliyewekeshwa

Mimi si mfugaji. Kwetu Wenje tunalima ndizi, mahindi na maembe, na ng'ombe tuliwajua kwa njia moja tu: walipoingia shambani. Nasema haya mapema ili msomaji asije akadhani nilijua nilichokuwa nikikizungumza. Sikujua, na bado nilikalia kiti cha hakimu.

Kiti chenyewe nilijitengenezea. Shule zilipofungwa wakati wa korona, nikiwa mwalimu wa biolojia hapa Garsen nisiye na wa kumfundisha, nilianzisha kundi la WhatsApp la kubuni viumbe. Wazo lilikuwa hili: tujifanye binadamu wameisha duniani, miaka milioni tano imepita, na mto Tana bado unateremka kwenda baharini. Ni wanyama gani wanaishi hapa? Kila mwanachama abuni wake, lakini si kwa kuropoka. Mnyama alitakiwa atokane na mnyama tunayemjua leo, awe amebadilika kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, jinsi viumbe wanavyobadilika kweli.

Tulianza watu wanne, tukafika kama thelathini. Walikuwamo walimu wenzangu, muuguzi mmoja wa Hola, na mwanamke mmoja mchoraji aliyehamia Nairobi. Mnyama akipita, mchoraji alimchora na akaingia kwenye orodha ya Walio Hai. Asipopita, aliandikwa kwenye orodha ya Waliotoweka. Kabla ya hapo mwenyewe alijibu maswali manne: ametokana na nani, anakula nini, analiwa na nani, na ukame ukija anaponaje. Kila mtu alitoa maoni yake, lakini neno la mwisho lilikuwa langu. Shule zilipofunguliwa kundi liliendelea, na ninakiri kwamba neno lile la mwisho lilikuwa limeshaninogea.

Mtoa maoni bora kuliko sote alikuwa dada mmoja Muorma, wa jamii ya wafugaji, mwenye duka Bangale, mbali huko juu kwenye nchi kavu. Aliuza sukari, majani ya chai, vocha na dawa za mifugo. Hakusoma sana, ila macho yake hayakupitwa na kitu. Na alikuwa na adabu yake ya kukosoa ambayo sikuwahi kuiona kwa mwingine. Hakusema mnyama wa mtu ni mbaya hata siku moja. Alisema, "Mnyama mzuri, mashallah. Majani ya huko ndiyo hayamfai." Mwenyewe ukienda ukayatazama majani, unakuta ni kweli: ulimweka mnyama wako mahali ambapo angekufa njaa kwa wiki moja.

Mimi nilikuwa na kambare wangu. Nilimbuni kwa miezi, kambare aliyeota miguu, anayeishi kwenye kingo za mto pale nilipozaliwa, anakula matunda ya miti ya mathenge yanapodondoka majini. Nilimpenda kupita kiasi. Siku nilipomweka kundini watu walimsifu, kisha yule dada akaandika: "Samaki mzuri sana, mwalimu. Lakini mto huwa unahama. Mto ukihama, yeye na kingo zake watabaki wapi?"

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, walituma tu zile sura za kucheka hadi machozi. Lakini mimi ni mtoto wa mto. Babu yangu alihamishwa na mto huo mara mbili, na sasa mwenye duka wa jangwani ananifundisha kwamba mto unahama! Nilimjibu kwa upole, "Asante dada, nitarekebisha," nikaifunga simu na kwenda kuoga kabla ya saa ya kuoga. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilikuwa nimewatoweshea watu wanyama wao bila kupepesa jicho, na kambare mmoja tu alikuwa amenitoa roho.

Wiki mbili baadaye alileta mnyama wake wa kwanza. Mwaka mzima alikuwa akitoa maoni tu, hakuwahi kubuni. Alianza kwa mzaha: "Mwalimu, huko Garsen kuna majani. Nakuwekesha ng'ombe, mtunze. Unajua kwetu ng'ombe wa kuwekeshwa akifa, aliyewekeshwa huleta ngozi, ijulikane hakumuuza." Kisha yakafuata maelezo marefu, bila aya, marefu kuliko ya mtu yeyote.

Alikuwa ametokana na ng'ombe wa leo. Mdogo wa umbo, mwenye nundu. Lakini jambo lake kubwa lilikuwa hili: maji yakiisha, ng'ombe jike mzee aliyeacha kuzaa huondoka peke yake. Hutembea mpaka apate maji, na anapoyapata halali hadi arudi nusu ya njia, akiacha harufu yake ardhini. Mara nyingine hufia njiani. Wenzake huifuata harufu hiyo alfajiri, umande ukiwa bado chini. "Yeye hazai tena," aliandika, "lakini bila yeye hakuna ndama anayepona."

Niliandika hukumu yangu kabla hata ya wengine kusema kitu. Ninayo mpaka leo: "Asiyezaa hachangii kizazi. Ng'ombe mzee ni mzigo kwa kundi. Hii ni hadithi, si sayansi. Ametoweka."

Sasa naomba nieleweke. Sikukosea kwa kutojua. Wiki ileile nilikuwa nimesimama mbele ya kidato cha nne nikiwaeleza jinsi ndovu jike mzee anavyoliongoza kundi kwenye maji anayoyakumbuka yeye peke yake, na jinsi watoto wa watoto wake wanavyoishi kwa sababu hiyo. Nilichora hata ubaoni. Nilipokuwa naandika ile hukumu nilijua ni uongo, na nikaona raha kuiandika. Nilikuwa nalipa kisasi cha samaki. Pengine, tukiendelea kusema ukweli, palikuwa na kitu kingine pia: kwetu Wenje niliwahi kumwona mama yangu amekaa chini katikati ya mahindi yaliyoliwa usiku kucha, na sikuwahi kuwapenda ng'ombe baada ya hapo. Mkulima kumuua ng'ombe wa mfugaji, kwetu ni jambo ambalo limewahi kumwaga damu. Mimi nilimuua wangu kwa sentensi nne, na kwa kuwa hakuwa na damu nilidhani si kitu.

Yule dada alijibu, "Sawa mwalimu." Hakuandika tena maoni. Nilisema moyoni labda duka limemshughulisha.

Ukame wa miaka ile ukapita, mvua zikaja, na muhula mmoja walimu wa sayansi tuliitwa kwenye semina ya siku mbili Bangale. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, nilitafuta duka lake. Sikupata taabu. Alinitambua kwa picha ya simu, akacheka, akanivutia kiti, akaagiza soda. Tukaongea habari za semina, za barabara mbovu, za kila kitu isipokuwa kundi. Kisha akaniambia baba yake yuko nyumbani, hatua chache nyuma ya duka, na haiwezekani mgeni wa Garsen apite bila kumsalimu.

Tukiwa mlangoni akanishika mkono wa shati. "Mwalimu, mzee akikuuliza ng'ombe, sema hajambo."

"Ng'ombe gani?"

Alinieleza harakaharaka, kwa sauti ya chini. Yule ng'ombe hakuwa wake. Alikuwa wa baba yake. Ukame ulikuwa umemmaliza mzee ng'ombe wote, hakubaki hata mmoja, na yeye ni mtu ambaye tangu utotoni hakuwahi kuamka asubuhi bila mnyama wa kumtazama. Alikaa siku nzima akiutazama ua mtupu. Ndipo binti akamwambia habari za mchezo wetu wa simu, na mzee akaanza kumtunga ng'ombe. Kwa wiki nyingi alimtunga, jioni anasema hivi, asubuhi anabadilisha, na binti anaandika. Alipomaliza alisema apelekwe delta, huku kwetu Garsen, kwenye majani, kama walivyopelekwa ng'ombe wake wa kweli kila kiangazi.

"Anajua ni ng'ombe wa maneno, si mjinga," alisema. "Lakini kila siku ananiuliza habari zake. Nilishindwa kumwambia. Nimesema yuko kwako."

Nakumbuka nilitaka kurudi semina.

Mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imechakaa lakini macho makali. Tulisalimiana salamu ndefu za kwao. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza aliniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua.

"Garsen majani iko?"

"Iko, mzee. Mengi."

"Na ng'ombe yangu?"

"Hajambo."

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya nilichoombwa. Lakini mwongo mwenye hatia ana bidii, haridhiki mpaka apambe. Nikaona nimpe mzee habari njema. "Kundi linazaa, mzee. Juzi tu kapatikana ndama."

Uso wake ukafunguka wote. "Mashallah. Ndama rangi gani?"

"Mweusi," nikasema. "Mweusi mzuri, anang'aa."

Mzee akamgeukia binti yake na kumwuliza kitu kwa Kiorma, na yeye akatazama chini, kwenye birika la chai.

"Mwalimu," mzee akasema taratibu, "ng'ombe yangu haina mweusi. Mimi nilisema yote nyeupe. Mweusi nakufa na jua, haifiki mwaka. Nilisema mwisho kabisa. Hii binti naandika?"

"Niliandika, baba," binti akasema.

Alikuwa ameandika. Ilikuwa mistari miwili ya mwisho ya yale maelezo marefu, na mimi sikuwa nimefika huko. Nilimhukumu mnyama nusu. Mambo ya rangi, jua na ngozi, hilo ndilo somo langu, hilo ndilo ninalolipwa kufundisha, na mzee asiyejua kusoma alikuwa amelimaliza vizuri kuliko mtu yeyote aliyepita kwenye lile kundi.

Hakunikaripia. Natamani angenikaripia. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsaidia mwenzake kutoka kwenye matope. "Labda wewe nachanganya na ya mtu mwingine. Ng'ombe iko mingi huko." Akangoja. Nami sikuitumia njia aliyonifungulia. Ndipo akasema, "Kama ng'ombe nakufa, mwalimu, leta ngozi tu. Hakuna maneno."

Nilitoa simu. Sikuwa na ngozi nyingine. Niliitafuta ile hukumu nikaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka pale pa "ametoweka". Binti akaitafsiri. Maneno yangu hayakufika hata ishirini, lakini yeye alisema kwa muda mrefu, kwa sauti laini, na mara mbili nilisikia neno la Garsen na mara moja la mvua. Ninaamini alikuwa akiyalaumu majani.

Mzee akauliza swali moja. "Anauliza alikufa na nini," binti akasema. "Kiu au ugonjwa?"

"Mwambie si kiu," nikasema. "Nilimuua mimi. Nilikuwa na hasira na wewe kwa sababu ya samaki wangu, na ng'ombe wake hata sikummaliza kumsoma."

Binti alinitazama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisikia hilo, na niliona linavyoingia. Kisha akamgeukia baba yake na kusema maneno machache, machache mno. Sikuelewa hata moja. Mzee alitikisa kichwa, akanyoosha mkono kuelekea birika. "Mwalimu anywe chai," akasema. Nikanywa. Hakuniuliza ng'ombe tena mpaka nilipoaga.

Nilirudi Garsen nikafanya yote niliyoweza kuyafanya. Niliandika kundini kwamba nilikosea, na kwamba nilijua nakosea. Wengine walishangaa, wengine walinisifu kwa unyenyekevu wangu, sifa ambayo ilinichoma kuliko tusi. Nilimtoa yule ng'ombe kwenye orodha ya Waliotoweka. Nilimsihi mchoraji amchore kutoka mwanzo, maelezo yote, mpaka mistari miwili ya mwisho: jike mzee mweupe, ngozi nyeusi chini ya manyoya, anaondoka peke yake. Picha ilitoka nzuri kuliko zote tulizonazo. Nikaituma Bangale.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. "Asante mwalimu. Mzee ameitazama sana. Anasema ni ng'ombe mzuri, mashallah, aliye naye ana bahati. Lakini si yule. Yule alikufa, na ngozi yake ameshapokea."