Damu Waliyoiita Safi

Mpaka leo mtu akisema mbele yangu kwamba damu ya mtoto "ni safi", mimi huondoka nilipo, maana nikibaki nitamtukana.

Mwanangu alikuwa na miaka mitatu, mwaka ule wa mvua za Elnino, Msambweni nzima madimbwi na mbu. Alikuwa na mdomo yule, hanyamazi. Akila anasema, akilala anasema. Homa ilipompanda nikampeleka zahanati. Wakamtoboa kidole, wakapaka tone la damu kwenye kioo, wakalitazama kwa darubini. Yule bwana aliyekaa mezani akanipa karatasi. "Hana malaria, mama. Damu ni safi. Mpe dawa ya homa, atatulia." Mtoto amenilegea begani kama nguo mbichi, na yeye anasoma karatasi! Nikamwambia, "Bwana, hebu mtazame basi." Akamwita anayefuata.

Asubuhi yake nilikuwa nikimnywesha uji. Mara macho yakapinduka, mwili ukakakamaa, mikono ikaanza kutetemeka. Mavyaa, yaani mamake mume wangu, akanipokonya. "Dege hilo! Na mtoto mwenye dege hadungwi sindano. Akidungwa anakufa." Akamfunika kaniki, akawasha dawa, akaanza kumfukiza. Sisemi alikuwa na nia mbaya. Kwetu ndivyo tulivyofunzwa sote, na mimi nimekua nikiyasikia hayo hayo. Lakini nilipomsikia mwanangu anakoroma ndani ya ule moshi, wallahi nilishindwa. Nikaivuta kaniki.

"Mama, niwie radhi. Huyu naondoka naye."

"Nenda ukamuue!" Alinipigia kelele mpaka nikafika barabarani. Mume wangu yuko kazini hotelini Diani, ningemuuliza nani?

Hospitali nilimkuta daktari mwanamke, kijana, mtu wa bara. Wakampima tena kidoleni, wakaona wadudu wachache mno. Nikaanza kupiga kelele hapo hapo. "Na nyinyi mtanirudisha nyumbani?" Daktari alikuwa amekwisha kumfunua kope na kumfinya kidole, mtoto hata hakulia. "Nani amesema unarudi?" akasema. "Huyu ana malaria ya ubongo. Lete kwinini." Akatafuta mshipa, dripu ikafungwa. Nilipoiona ile sindano inaingia, maneno ya mavyaa yalinijia yote, nikafumba macho.

Baadaye nikamuuliza daktari: huyo mdudu alikuwa wapi jana, damu ikaitwa safi? Akaketi ukingoni mwa kitanda, akanieleza. Mdudu wa malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, akakulia humo. Akishapevuka, ile chembe huota vinundu vya kunata, ikaganda kwenye kuta za mishipa midogo. Hapo haizunguki tena, wala haifiki kwenye bandama, ambako chembe mbovu huchujwa. Zikigandamana nyingi ubongoni, njia huziba, mtoto akazimia. Wanaobaki wakizunguka ni wale wachanga, na hao ndio wanaopatikana kidoleni. Pengine ni wachache tu, pengine hawaonekani kabisa.

Mimi ni mtu wa Bodo. Nimebandua chaza kwenye mizizi ya mikoko tangu utotoni, na najua kitu kilichong'ang'ania kilivyo. Nikaelewa, na hasira zikanipanda upya. Mdudu hana macho, hana akili, anajua pa kujificha; na bwana mzima ana macho mawili, kumtazama mtoto kumemshinda! Ndiyo kazi gani hiyo?

Mwanangu alifumbua macho, alhamdulillahi. Alikunywa uji, akanishika pua, akacheka. Nikamwita jina lake. Hakugeuka. Nikapiga makofi nyuma ya kichwa chake, asigeuke. Daktari akaniambia kwa upole kwamba ugonjwa huu mara nyingine humwacha mtoto hivyo, hasa ukicheleweshwa.

Nyumbani wanawake walikuja kutupa pole. Mavyaa hakungoja hata chai imiminwe. "Nilisema mimi. Sindano zimemziba masikio." Jirani yangu, amempakata wake wa miezi michache, akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi mimi, shoga, wangu akishikwa na dege simpeleki huko. Heri nimfukize."

Aka! Nilisimama, kikombe kikamwagika mkekani.

"Mwite mwanangu," nikamwambia.

Akamwita. Mtoto yuko mlangoni anachezea vifuu, kimya.

"Mwite tena."

Akamwita kwa sauti kubwa. Wapi!

"Sasa nenda ukamguse."

Alisita, kisha akaenda, akamgusa bega. Mwanangu akageuka, akamcheka, akampa kifuu kimoja acheze naye.

"Umeona?" nikasema. "Ukimwita hasikii, lakini ukimgusa anageuka. Sasa wewe wako umfukize mpaka umzike, halafu uje uniambie utamgusa wapi."