Bibi Aliyeacha Kuzaa Ana Kazi Gani?

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mama yangu alipofika kwetu mtaa wa Gihosha akitoka kwake Musaga, na kitenge cha kubebea mtoto mkononi. Alikuja kumchukua binti yetu wa kwanza. Mke wangu alikuwa mjamzito tena, mtoto ameachishwa ziwa, na kwetu mtoto wa namna hiyo huenda kukaa kwa bibi yake.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya biolojia, ugonjwa unaochukua miaka kupona. Nikamweleza mama kwamba wanyama wengi wa kike huzaa karibu mpaka kufa; kwa hiyo, kimaumbile, aliyeacha kuzaa hana kazi tena. Hata maji ya kunywa nilikuwa sijampa.

"We docteur," akasema, "mutoto amekula nini leo?"

"Amekataa uji."

"Na jana?"

"Alikataa pia."

"Basi endelea kusoma. Labda kitabu kitamulisha."

Akaondoka na kitenge chake.

Siku ya nne mbavu za mtoto zilianza kuonekana, na mke wangu akaacha kunisemesha. Nikambeba mwenyewe hadi Musaga. Mama akampakata, akaponda maharage na ndizi kwa vidole, akaanza kula yeye. Mtoto hakupewa kitu. Akatazama, akatazama, kisha akauvuta mkono wa bibi yake mpaka kinywani.

"Mama, umemfanyaje?"

"Mi? Apana, mi nilikuwa na njaa tu."

Tangu hapo nimesoma sana, na nimezidi kuchanganyikiwa. Wako nyangumi wa kike wanaoacha kuzaa, kisha wanaishi miaka mingi wakiwaongoza jamaa zao kwenye samaki. Nikasema, nimepata jibu. Kumbe tembo naye huwalinda wajukuu huku bado anazaa; basi kuacha kuzaa kwafaa nini? Je, bibi zetu wanaishi sana kwa sababu wajukuu wao walipona, au wajukuu walipona kwa sababu bibi walikuwepo tu, na njaa zao? Sijui, mwanangu. Wataalamu bado wanabishana, nami nimechoka kujifanya mmoja wao.

Ninalojua ni hili: mama yako akija kumchukua mtoto, mpe kiti, mpe maji, mpe mtoto. Usimngojeshe mpaka uelewe, maana mtoto hana muda huo. Mungu akupe watoto wenye hamu ya kula, na amwachie mama yako miaka ya kuwashibisha.