Viti vya Watoto wa Baroni

Kwetu hatuhesabu watoto wa mtu. Ukiulizwa ni wangapi, unajibu, "Wapo wote," na maongezi yanaendelea. Desturi hiyo nilikuja nayo hadi mji wa Takoma Park, ughaibuni, katika nyumba ya wakili mstaafu niliyekuwa nikimtunza, mzee ambaye macho yake yalikuwa yamebakiwa na kuona mwanga tu.

Kila alasiri nilimsomea habari za mtu aliyeamini kuwa ni babu yake wa kale: baroni wa Uingereza, jaji wa mfalme, aliyefariki yapata miaka mia saba iliyopita. Nilisoma mashamba yake, hukumu zake za kunyonga, ukoo wa mke wake, kisha watoto.

"Ni wangapi?" mzee aliuliza.

"Wapo wote."

"Umehitimu chuo kikuu, na hesabu ya watoto inakushinda?"

Nilicheka, nisihesabu. Kesho yake aliuliza vilevile, nikajibu vilevile. Safari hii aligeuza uso taratibu kuizunguka meza, kama anayehakikisha.

Binti yake angekuja Jumapili kutoka Springfield. Kama angemkuta baba yake na akili timamu, angemwacha aendelee kukaa humu nyumbani. La sivyo, nafasi ilikuwa tayari katika makao ya wazee. Mzee alilijua hilo. Jumapili hiyo asubuhi aliniomba nimnyoe mara mbili.

Nilipotoka jikoni na chai nilikuta amevuta viti sita kwa kupapasa, na mbele ya kila kiti ameweka sahani.

"Mzee, hawa ni nani?"

"Si wewe uliyesema wapo?"

Nilikuwa bado nakusanya sahani binti yake alipoingia. Nilimweleza kosa langu na desturi ya kwetu. Alinisikiliza, akatabasamu, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha.

"Hapo pana mtu," baba yake alisema kwa upole. "Yule mdogo. Baba yake mwenyewe alimhukumu kunyongwa."

Katika kurasa zote nilizomsomea hapakuwa na habari hiyo.

Binti aliinuka. Alisimama ukutani akipapasa sketi yake kwa nyuma, kama aliyekalia mahali palipolowa.

"Mzee anaweza kubaki?" nilimnong'oneza.

"Nifungie nguo za baba," alijibu, macho yakiwa kwenye kiti. "Za leo tu. Zilizobaki utazileta wewe huko makaoni."