Kevo Alijua Watacheka

Leo nimechekwa jukwaani, na aliyenipeleka huko ni Kevo.

Kevo ndiye mpiga gitaa wangu. Tangu tukiwa Nakuru, yeye anapiga muziki wa country, mimi narap juu ya gitaa lake.

Juzi akaniambia, "Dada, nimetupatia shoo Handsworth. Ukumbi utajaa."

Nikaomba ruhusa kazini. Nikavaa kofia yangu ya kikauboi. Tukaingia kwa mlango wa nyuma.

Nikaanza wimbo wa kumkumbuka marehemu mama, aliyezikwa nyumbani nikiwa huku ughaibuni, Shard End.

Mstari wa kwanza, watu wakacheka. Wa pili, wakagonga meza.

Nikageuka kumtazama Kevo.

Naye alikuwa anacheka. Na bado anapiga gitaa!

Nikashuka, nikatokea mlango wa mbele. Hapo ndipo nikaona bango: Alasiri ya Vichekesho.

Kevo akanifuata. Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Sasa kama ni muziki tu, wangetuita lini? Si umeona watu walivyojaa?"

Jamani, huyu ndiye aliyenishikia simu nikitazama mazishi ya mama.

Nimerudi na basi peke yangu.

Na nyinyi mnaonipigia makofi hapa mtandaoni kila nikiweka video, niambieni ukweli tu.

Mmekuwa mkicheka?