"Nimeona" Saba, Pampu Hakuna

Saa mbili asubuhi, Bi Ngazi yuko ghorofa ya tatu ya ofisi ya maji bila faili hata moja. Makubwa! Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemwona hapa bila rundo la mafaili kifuani. Siku hizi ana simu tu, na sasa anagonga mlango wa mhandisi.

"Mwanangu, hii kazi umeiona au umeifanya?"

"Nimeiona, mama."

"Kuona hata mimi naona. Unaifanya lini?"

Mhandisi anacheka, anaandika: Alhamisi.

Bi Ngazi ni tarishi. Wenzake walimpa jina hilo kwa zile ngazi sitini na nne alizopanda na kushuka kutwa nzima. Mwaka jana ofisi ikaleta programu ya kufanya kazi pamoja: barua moja, wote wanaiandika kila mtu kwenye kompyuta yake. Mafaili yakakosa safari, naye akapewa notisi ya miezi mitatu ya kuachishwa kazi.

"Niliumia, nisikudanganye," anasema. "Nina binti chuoni. Nikajiuliza, hiyo kompyuta imenizidi nini?"

Kisha pampu ya mtaa mmoja ikaungua. Ombi la mpya liliingia kwenye programu asubuhi ileile. Wakubwa saba wakalifungua, na kila mmoja akaandika "Nimeona." Siku tisa watu wanahangaika na ndoo, na kila mkubwa anaamini mwenzake ameshaagiza.

Bi Ngazi, akiwa amebakiza wiki mbili, akaomba aonyeshwe ukurasa ule. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Hawa nawajua! Kwenye karatasi, mtu akiandika 'Nimeona' bila sahihi, ujue hajasoma. Nilikuwa nasimama mlangoni mpaka asaini."

Akapanda, akasimama kwenye milango saba. Pampu iliagizwa kabla ya saa sita mchana.

"Tulidhani programu itafuatilia yenyewe," anakiri mkurugenzi, aliyeichana notisi kwa mkono wake. "Mama huyu alitutoa aibu."

Siku hizi ukiandika "Nimeona," programu inakuuliza swali alilolitunga Bi Ngazi: "Nani anafanya, lini?" Kazi za wiki tatu zinaisha kwa siku nne.

Sasa anataka cheo kibadilike, kutoka tarishi hadi mratibu wa kazi. Ombi lake limo humohumo kwenye programu, tangu Jumatatu.

"Mkurugenzi ameandika 'Naliangalia,'" anasema, akikaza kamba za viatu. "Haya, ngoja nikasimame mlangoni."